Siku Kivuko Kilipofungwa kwa Utepe

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa, ila jina lake liko kamatini linafanyiwa marekebisho, na nikilitaja leo huenda kesho likawa kosa. Inatosha kusema ni nchi yenye bahari. Bahari yetu ni kubwa, ina maji mengi, na iko chini ya wizara. Mimi ni mshereheshaji wa serikali, daraja la pili. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kusema kwamba mambo yanakwenda vizuri. Nimeifanya kwa miaka mingi na nimechoka hadi kwenye mifupa, lakini sauti yangu bado haijapata habari hiyo, kwa hiyo kila penye hema na viti vya plastiki naitwa.

Mwaka huo Wizara ya Urithi, Maji Makubwa na Furaha ya Familia iliamua kufanya Tamasha la Urithi wa Bahari pale gatini. Sababu ilikuwa wazi: wananchi walikuwa wameanza kuulizia meli. Zamani tulikuwa na meli tatu za abiria. Moja ilizama, moja ikauzwa chuma chakavu, na ya tatu ilipotea katika mazingira ambayo tume bado inayachunguza. Wizara ikaona kwamba watu wasio na meli wanahitaji kukumbushwa meli, tena wakumbushwe pamoja na watoto wao, wakiwa wamepakwa rangi usoni.

Maandalizi yalikuwa makubwa. Mitumbwi yote ya wavuvi ilikusanywa, ikapakwa buluu na nyeupe, ikapangwa juu ya nyasi ili familia zikae humo na kupigwa picha. Kwa usalama wa watoto, kila mtumbwi ulitobolewa matundu chini, usije ukaelea kwa bahati mbaya. Wavuvi walipewa vyeti vya shukrani na kuombwa wasisimame karibu, kwa sababu ya harufu.

Kulikuwa pia na Hema la Dhoruba. Baba, mama na watoto waliingia humo wakamwagiwa maji kwa mpira wa zimamoto, ili waonje walivyoteseka mabaharia wa kale. Maji yalikatika mapema, kama kawaida yake mjini kwetu, na baada ya hapo familia zilipulizwa kwa feni na kusomewa maelezo ya dhoruba. Mashindano ya kuogelea yalifanyika kwenye nyasi, maana bahari ilikuwa imefungwa kwa sababu za kiusalama. Halafu Bustani ya Samaki: beseni moja, barafu, na changu mmoja aliyenunuliwa sokoni alfajiri. Watoto walipanga foleni kumtazama. Mmoja aliuliza mbona haogelei, na afisa akamjibu kwamba anapumzika.

Lakini onyesho kuu lilikuwa kivuko.

Mji wetu uko upande mmoja wa hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na upande wa pili kuna mtaa unaoitwa Ng'ambo. Katikati hupita kivuko kimoja, MV Mshikamano, ambacho hupeleka watu kazini, shuleni, hospitalini na misibani. Kamati ya maandalizi ilitafuta nchi nzima chombo cha kale cha kuonyesha, ikakuta vyote vimeshauzwa, ndipo mjumbe mmoja akakumbuka kivuko. Alisema kina kutu ya kutosha. Hoja ikapita bila kupingwa.

Wakatundika kibao: URITHI WA TAIFA, USIGUSE. Kamba nene zilizokuwa zikikifunga gatini ziliondolewa, kwanza kwa kuwa zilikuwa chafu, na pili zilihitajika kwenye mashindano ya kuvuta kamba, familia kwa familia. Mahali pake ukafungwa utepe mwekundu wa satini, kutoka ubavuni mwa kivuko hadi kwenye nguzo ya gati. Mgeni rasmi angeukata utepe huo, na kivuko kingezinduliwa. Kilikuwa kinafanya kazi tangu mimi sijaota ndevu, lakini ilikuja kugundulika kwamba hakikuwahi kuzinduliwa, na wizara iliona aibu.

*

Mwanakheri Shee alifika mapema, jua halijawa kali. Ni mama wa makamo, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya gati. Namfahamu, maana suruali zangu za sherehe alizipunguza kiuno yeye mwaka nilipokonda. Alikuwa na buibui na kifurushi kidogo alichokikumbatia kifuani. Mlangoni askari alimwambia kuwa hapo ni Mlango wa Familia, na mtu mmoja si familia.

"Familia yangu iko ng'ambo, baba," akamjibu. "Ndiko ninakokwenda."

Askari alifikiri kidogo, akaona jibu lina mantiki, akampisha. Mwanakheri akaja moja kwa moja hadi pale nilipokuwa najaribu kipaza sauti.

"Kaka, kivuko kinaondoka saa ngapi?"

"Akifika mgeni rasmi."

"Na mgeni rasmi anafika saa ngapi?"

"Yuko njiani," nikasema. Ndivyo tunavyosema. Mgeni rasmi wa nchi yetu huwa njiani tangu anapoamka, hata akiwa bafuni.

"Mama yangu amefariki alfajiri," akasema. Hakulia. Aliyasema taratibu, kama anayemwelekeza mtu nyumba. "Wanamzika baada ya alasiri. Aliniusia nimwoshe mimi. Alisema hataki mikono ya watu wengine."

Akanionyesha kifurushi. Ndani mlikuwa na kafuri, udi na chupa ya marashi. Nilimwambia pole, na nilikuwa na huruma ya kweli, kwa hiyo nikampeleka kwa Bi Leokadia.

Bi Leokadia ndiye Afisa Itifaki Mkuu. Ni mama mnene mwenye redio ya mawasiliano mkononi na nyingine kiunoni, asiyekaa kitini siku ya shughuli hata miguu ikimvimba. Alimsikiliza Mwanakheri hadi mwisho, akamshika bega.

"Pole sana, mama. Serikali iko pamoja nawe katika kipindi hiki kigumu."

"Ahsante, dada. Basi naomba kivuko kinivushe, kirudi."

"Hapo ndipo penye utepe," akasema Bi Leokadia.

Nahodha Vuai aliyasikia hayo akiwa juu ya kivuko. Siku hiyo walikuwa wamemvika sare nyeupe ya mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, ili apendeze, na mikono ilimfika viwikoni. Akainama juu ya reli.

"Bi Leokadia, injini ninayo, mafuta ninayo, bahari hiyo hapo. Niende mara moja tu na kurudi. Utepe tutaufungua fundo, nikirudi tunaufunga. Mgeni wako hatojua."

"Itifaki itajua."

"Wallahi huu utepe nikikohoa unakatika."

"Basi usikohoe, nahodha."

Msimdhanie ubaya Bi Leokadia. Anajua alisemalo. Wilaya jirani walijenga zahanati, wakafunga utepe, wakamsubiri mgeni rasmi, na katika kusubiri mbuzi mmoja akaja akautafuna. Kwa mujibu wa itifaki, aliyeukata utepe ndiye mzinduzi. Jiwe la uzinduzi la zahanati ile lina jina la mbuzi hadi leo, na zahanati yenyewe imefungwa ikisubiri ufafanuzi. Afisa itifaki wa wilaya ile sasa anachunga foleni ya maji katika kambi ya jeshi. Bi Leokadia ana watoto watano na mama mkwe nyumbani, na yote hayo alimweleza Mwanakheri kwa sauti ya chini, akimwita mama kila baada ya sentensi.

"Sasa mitumbwi je?" Mwanakheri akauliza.

Tukageuka sote watatu kuitazama mitumbwi. Katika wa kwanza palikuwa na familia inapigwa picha, na kupitia matundu ya chini zilionekana nyasi.

*

Akaenda kusimama mbele ya utepe. Mimi nikarudi jukwaani kutangaza kwamba mgeni rasmi yuko njiani, na kwamba wazazi wa mtoto aliyevaa fulana ya njano wakamchukue Hema la Dhoruba.

Niliendelea kumtazama kila nilipopata nafasi. Kati yake na kivuko palikuwa na hatua chache na utepe wa upana wa vidole viwili. Angeweza kuukata kwa meno, nami nilimwombea asifanye hivyo, kisha nikamwombea afanye, na nikachoka kuomba mambo mawili yasiyopatana. Simu yake ililia kabla ya adhuhuri. Ni Badi, mdogo wake. Sikuwa naye karibu, lakini spika zetu zina tabia ya kunasa simu, na maneno yakatoka kwenye spika zote za tamasha, juu ya muziki wa taarabu uliokuwa ukipigwa kwa ajili ya familia.

"Dada, uko wapi? Wameshachemsha maji."

"Niko gatini, Badi. Kivuko kimefungwa."

"Kimefungwa na nini?"

Mwanakheri aliutazama utepe. Naelewa. Hata mimi nisingeweza kumweleza mtu kwenye simu kwamba kivuko cha kubeba malori kimefungwa na utepe.

"Basi shangazi Salhina atamwosha," akasema Badi. "Lakini uso hatutaufunika mpaka tumekwisha kuswali. Jitahidi, dada. Ukikuta ameshatoka, hutamwona tena."

Mafundi mitambo wakarekebisha spika. Mwanakheri alikifungua kifurushi, akakifunga tena, akabaki amesimama na kafuri yake.

Hapo familia zikaanza kukusanyika. Mtu akisimama kimya mbele ya kivuko, mwenye huzuni na kifurushi, katika tamasha la urithi, watu watamchukulia vipi? Baba mmoja aliwaeleza wanawe kwamba ndivyo walivyosimama bibi zetu. Mwingine akampiga picha na familia yake. Kamati ilipoona pale pamechangamka kuliko hata kwa samaki, ikaleta kibao upesi: MWANAMKE WA PWANI AKISUBIRI, USIGUSE. Mtoto mdogo mwenye mistari ya pundamilia usoni, kwa sababu aliyechora samaki alikuwa ameishiwa rangi, akamuuliza mama yake kama inaruhusiwa kumgusa.

"Soma kibao, mwanangu," mama yake akasema.

Mwanakheri alikitazama kile kibao mara moja tu. Kisha akayatazama maji. Nahodha Vuai alikuwa amekwisha mteremshia kiti na kikombe cha chai, lakini mjumbe wa kamati akaviondoa, kwa maelezo kwamba katika zama zile hapakuwa na viti vya plastiki.

*

Mgeni rasmi alifika alasiri ikikaribia. Hakuchelewa. Katika nchi yetu ukubwa wa mtu hupimwa kwa muda anaosubiriwa, na Mheshimiwa Dokta Hamduni Kitwika ni mtu mkubwa sana. Yeye ndiye waziri mwenyewe. Alishuka garini na mkewe na watoto wao, maana siku ilikuwa ya familia, akapokewa na ngoma, bendi, mashada, na mimi.

Niliwatambua viongozi wote waliokuwapo, kisha waliotuma wawakilishi, kisha waliotuma udhuru, kisha wastaafu. Nilijitahidi kuharakisha, naapa, lakini vyeo vyenyewe ni virefu. Nilimwona Mwanakheri akinitazama kila nilipovuta pumzi.

Mheshimiwa akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi, bahari ni maji. Lakini si kila maji ni bahari. Serikali hii inaijua tofauti hiyo. Wazee wetu walivuka bahari hii bila kivuko, bila ratiba, bila malalamiko. Leo tuna kivuko, na wapo wanaolalamika kwamba hakivuki. Mimi nauliza, kuvuka ni nini? Je, mtu hawezi kuvuka akiwa amesimama?"

Aliendelea katika njia hiyo hadi mwadhini wa msikiti wa sokoni alipoanza, na hapo akatulia kwa heshima, akaendelea baadaye. Nilijua ng'ambo nako wanaadhini. Nilijua wanapanga safu mbele ya jeneza. Mikono yangu ilikuwa na jasho, na jasho la mikono ni baya kwa kipaza sauti.

Hatimaye akakagua maonyesho. Alimsifu changu. Aliingia Hema la Dhoruba akatoka nywele zake ziko vilevile. Kisha akafika mbele ya kivuko, akamwona Mwanakheri, akasimama.

"Mama, unasubiri nini?" akauliza kwa sauti ya kucheza na watoto.

"Nakusubiri wewe, Mheshimiwa," akasema Mwanakheri.

Msafara wote ukacheka.

"Mama yangu maiti, yuko ng'ambo. Wakimaliza kuswali wanamtoa. Nataka nimwone uso tu. Nakuomba ukate huo utepe upesi."

Waziri akamgeukia Bi Leokadia. "Nani amemwandikia? Maneno mafupi, lakini yanafika."

"Mheshimiwa, siigizi," akasema Mwanakheri.

"Ndiyo maana umefaulu," akasema waziri, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. Ni mtu wa huruma, hasa mbele ya sanaa. Palepale akamtangaza mshindi wa Onyesho Bora la Familia. Zawadi yake ilikuwa kupanda kivuko pamoja na mgeni rasmi, kiti cha mbele, katika matembezi ya kuzunguka hori.

Nilimwona Mwanakheri akifunga macho kidogo. Zawadi yoyote iliyoelekea majini ilimfaa. Mheshimiwa akaletewa mkasi juu ya mto wa mahameli, akaukata utepe, na kwa kuwa hapakuwa na kamba nyingine, kivuko kikaanza kuondoka peke yake tukiwa tunapanda, msafara na bendi, kabla mkewe hajapanda vizuri. Tukampandisha kwa kumvuta.

*

Nahodha Vuai hakuzunguka hori. Alielekeza kivuko moja kwa moja Ng'ambo, tena kwa mwendo ambao sikujua kinao. Maboya ya kujiokolea yote yalikuwa yamebaki gatini, watoto wanayavaa kwenye maonyesho ya mavazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyekumbuka usalama. Mwanakheri alikaa mbele kabisa, kifurushi mapajani, miguu tayari imegusa chini kama mtu anayetaka kushuka.

"Karibu tunafika, mwanangu," Nahodha alimwambia kutoka dirishani. "Pale ng'ambo watakushika mkono, unashuka tu."

Tulikuwa tumekaribia kiasi cha kuona milango ya nyumba Bi Leokadia alipogundua. Alikuja mbio, redio zake zikigongana.

"Nahodha, geuza. Hatushuki huku."

"Nani kasema mshuke ninyi? Anashuka yeye."

"Hakuna anayeshuka kabla ya mgeni rasmi. Hujui hilo? Na mgeni rasmi hawezi kushuka hapa. Hakualikwa. Hakuna zulia, hakuna mstari wa kumpokea, mwenyekiti wa mtaa hana taarifa. Akanyage wapi? Kwenye mchanga?"

"Ntaegesha tu, arukie."

"Nahodha," akasema Bi Leokadia, na sauti yake ilikuwa imepasuka, "nakuomba. Nina watoto watano."

Nahodha Vuai alimtazama, akamtazama Mwanakheri, akautazama usukani. Yeye naye ana wanawe. Kivuko kikaanza kupinda polepole, ubavu wake ukiielekea pwani ya Ng'ambo, karibu sana, hata harufu ya udi ilitufikia. Mwanakheri alisimama. Nilidhani angejitupa, lakini maji ya pale yana kina na yeye hajui kuogelea, aliniambia baadaye.

Wakati huohuo walitokea watu kwenye njia ya ufukweni. Walikuwa wengi, wamevaa kanzu, wanakwenda haraka kwa safu, na katikati yao jeneza limefunikwa kanga ya kisutu. Wanaume wa mbele walikuwa wakipokezana kulibeba bila kusimama.

Mheshimiwa akaweka mkono juu ya macho.

"Aa," akasema. "Kumbe wametujua. Wamejipanga vizuri sana, tena wote wamevaa nyeupe. Wapungieni mkono."

Tukawapungia. Mkewe akapunga, watoto wao wakapunga, bendi ikapunga kwa matarumbeta. Wale wa ufukweni hawakujibu.

"Mbona hawapungi?" akauliza waziri.

"Mikono yao imembeba mama yangu," akasema Mwanakheri.

Kisha akanigeukia. "Kaka, nipe hicho."

Katika kazi yangu yote sijawahi kumpa kipaza sauti mtu asiye kwenye ratiba. Sijui kilichonipata. Labda ni uchovu, maana mtu akichoka vya kutosha vidole hulegea vyenyewe. Akakichukua kwa mikono miwili. Spika za kivuko ni kubwa, zimefungwa kwa ajili ya hotuba, na sauti yake ikaenda juu ya maji hadi kwenye miti ya upande wa pili.

"Mama, ni mimi, Mwanakheri. Nimekuja. Nimefika hapa, mama, wamenizuia hapa. Sikukuosha. Nisamehe."

Jeneza likasimama. Njia nzima ikasimama. Kijana wa mbele, ambaye nadhani ndiye Badi, aligeuka kutazama majini. Halafu mzee mmoja akamgusa mgongoni, wakaendelea kwenda, wakapita nyuma ya ukuta wa makaburi.

Kwenye kivuko hakuna aliyejua atazame wapi. Mheshimiwa Dokta Hamduni Kitwika akatoa kitambaa, akafuta macho yote mawili, akakirudisha mfukoni. Kisha akapiga makofi. Mgeni rasmi akipiga makofi, sisi sote hupiga. Haijaandikwa popote, lakini hakuna asiyejua. Bi Leokadia akapiga, huku analia. Bendi ikapiga. Nahodha Vuai peke yake ndiye alikuwa na usukani wa kushika.

Kipaza sauti alikuwa nacho Mwanakheri, kwa hiyo mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu. Nikapiga.